Bei ya mlangoni si bei ya siku nzima

Mhariri,

Kila likizo ya shule inapokaribia, kurasa za burudani za magazeti yetu hujaa picha za watoto wanaoteleza majini na za magurudumu makubwa yanayozunguka juu ya mapaa ya mji, na chini ya picha huandikwa kiingilio cha mtu mzima na kiingilio cha mtoto, basi. Mzazi wa hapa Malindi akisoma habari hiyo huzidisha kiingilio kwa idadi ya watu wa nyumbani kwake, akaona kwamba akijibana anaweza, akawaahidi watoto. Na ahadi kwa mtoto ni deni lisilosameheka. Ninakuandikia kwa sababu hesabu hiyo ndiyo inayowaumiza watu wa kipato kidogo. Kiingilio ni sehemu ndogo ya gharama za siku hiyo, na sehemu kubwa iliyobaki hakuna anayeitangaza, si wenye bustani wala ninyi waandishi. Mimi ni mhazini wa chama cha akiba cha ukoo wetu huku Shela, na mojawapo ya kazi nilizokabidhiwa ni kupanga matembezi ya watoto wakati wa likizo, kwa hiyo ninayoyasema nayatoa daftarini.

Tuchukue nyumba ya watu watano: baba, mama, na watoto wa miaka 11, 8 na 4, wanaotaka kwenda kwenye bustani ya maji Mombasa na kurudi siku hiyo hiyo. Takwimu nitakazotumia ni za mfano, kwa kuwa bei hubadilika na kila bustani ina yake, lakini uwiano wake ndio ninaokutana nao mara kwa mara. Tuseme kiingilio ni shilingi 1,200 kwa mtu mzima na 900 kwa mtoto. Hapo zimekwenda 5,100, na hizo ndizo zilizoandikwa gazetini. Tuseme nauli ya matatu ni shilingi 500 kwa kiti, na yule mdogo apakatwe. Viti vinne kwenda na kurudi ni 4,000. Tuktuk kutoka barabara kuu hadi langoni na kurudi ni 400. Chakula cha nyumbani hakiruhusiwi kuingia, kwa hiyo sahani tano za chipsi na kuku kwa shilingi 600 ni 3,000, na vinywaji 750. Kabati la kufungia nguo na simu ni 300, maboya mawili ya kukalia majini 400, na nguo za kuogelea za kukodi kwa wawili ambao zao zimekataliwa mlangoni, 500. Jumla ni shilingi 14,450. Kiingilio kilichotangazwa kimezidi kidogo tu theluthi ya fedha hizo. Mzazi aliyeweka akiba ya kiingilio na nauli, akaongeza elfu moja ya dharura na kujiona mwangalifu, hufika saa saba mchana akiwa na watoto watatu wenye njaa na mfuko mtupu, na mabishano yanayofuata kati ya mume na mke mbele ya kaunta ya chipsi si jambo la kuandika kwenye barua ya heshima.

Mtindo wa kugawa bei vipande vipande haukuanzia kwetu. Disneyland ya California, ambayo wengi huihesabu kuwa mama wa bustani za namna hii, ilifunguliwa Julai 1955 kwa kiingilio cha dola moja tu kwa mtu mzima, lakini michezo ya ndani ililipiwa peke yake. Baadaye vikaja vitabu vya tikiti za madaraja, kuanzia A hadi E, na michezo iliyopendwa zaidi ikawekwa daraja la E, ili mgeni asiimalize kwa tikiti za rahisi. Hadi mwaka 1982 ndipo vitabu hivyo vya tikiti vilipoondolewa, na mtu akawa analipa mara moja kwa siku nzima. Bustani ya Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1843, mpaka leo hutoza kiingilio peke yake na michezo peke yake. Mitindo yote miwili ipo Kenya, na kwa mwenye fedha za kuhesabu ni muhimu kujua anakwenda kwenye upi kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu familia moja yaweza kuokoa fedha nyingi kwa mtindo ambao ungeiumiza familia nyingine.

Mtindo wa kulipia kila mchezo humfaa bibi aliyekuja kukaa kivulini na mikoba, na humfaa mtoto wa miaka 4 ambaye michezo anayoruhusiwa kupanda ni miwili au mitatu, na akishapanda anataka kulala. Mtindo wa malipo ya siku nzima humfaa kijana wa miaka 11 ambaye, ukimwachia, atapanda mtelezo ule ule hadi mlinzi achoke kumwona. Nyumba yenye wazee na wachanga wengi kuliko vijana itafute bustani ya kulipia kila mchezo. Yenye vijana wengi itafute ya malipo ya siku nzima, ambako aliyelipa hufungwa utepe wa mkononi. Kuna na swali ambalo ukoo wetu sasa hatuachi kuuliza kwa simu kabla ya lolote: je, asiyeogelea naye hulipa? Kuna bustani zinazomtoza mtazamaji sawa na mwogeleaji, kuna zinazomtoza nusu, na kuna zisizomtoza kitu. Kwa ukoo unaosafiri na mabibi wawili, jibu la swali hilo moja laweza kuamua safari iwe au isiwe.

Jambo la pili la kuuliza ni kimo. Mitelezo mirefu na treni za kasi huwa na kipimo, na sentimita 120 ni kipimo kinachotumika sana duniani. Mtoto aliyepungukiwa huzuiwa hata kama baba yake amelipa bei kamili na yuko tayari kumshika mkono. Mlinzi anayezuia anafanya kazi yake, na sina ugomvi naye, kwa kuwa mikanda na viti hutengenezwa kwa miili ya kimo fulani. Ugomvi wangu ni kwamba kipimo hicho huonekana kwa mara ya kwanza kwenye kibao kilichochorwa karibu na mchezo wenyewe, baada ya fedha kupokewa. Futi ya fundi cherahani na mlango wa chumba vinatosha kumaliza suala hili nyumbani: mtoto apimwe bila viatu, aambiwe ukweli mapema ni michezo gani itakayomsubiri mwakani, na kama michezo mingi inamkataa, aulizwe kama hataki kungoja. Watoto huelewa zaidi ya tunavyowadhania. Kimo chaweza kuwa na faida vilevile, kwa maana ziko bustani zinazotoza kwa kimo badala ya umri, na mtoto mfupi wa miaka 6 akaingia kwa bei ya mdogo wake.

Nguo nazo ni gharama. Bustani nyingi za maji hukataa vitambaa vya pamba, jinzi, na nguo zenye zipu au vifungo vya chuma, kwa sababu nyuzi huziba mashine za kuchuja maji na chuma hukwaruza mitelezo. Sababu hizo ni za haki. Lakini kwa mwanamke wa Pwani anayetaka kuingia majini na watoto wake huku amejisitiri, habari kwamba vazi refu la kuogelea linakubaliwa au halikubaliwi ni ya lazima kabla ya safari, na hupati kuiona kwenye tangazo lolote. Penye ruhusa, vazi hilo likinunuliwa mara moja hutumika miaka, na nguo za watoto za kuogelea hupatikana kwenye mitumba kwa bei ya kukodi mara moja. Asiyejua hukodi, na anayekodi hulipa kila mara.

Kuna wanaoniuliza, hasa vijana wetu wenye ndugu Uarabuni na Italia, kwa nini tusiweke akiba ya miaka kadhaa twende kwenye bustani kubwa za ng'ambo. Swali si la upuuzi kwa mji kama wetu, ambao watoto wake wengi hujifunza Kiitaliano ufukweni kabla ya kukaa darasani, na ambao karibu kila mtaa una mtu aliyeolewa au kuoa huko. Gardaland ya Italia, iliyo karibu na ziwa Garda tangu mwaka 1975, humwingiza bure mtoto aliye chini ya mita moja. Bustani za Disney za Florida na Paris huwaingiza bure walio chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo langoni pana huruma. Tabu iko mbali sana na lango: viza ya kuingia nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Italia ikiwamo, imekuwa yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kutimiza 12, na aliye chini ya hapo halipi. Ile nyumba yetu ya watu watano italipa yuro 270, ambazo hukaribia shilingi 40,000, na zikilipwa hazirudi hata ombi likikataliwa. Marekani ni dola 185 kwa kila mtu, mchanga akiwamo, yaani dola 925 kwa watano, nazo hazirudi. Kwa gharama za maombi ya viza ya Italia peke yake, kabla ya kuiona ndege, nyumba hiyo ingekwenda Mombasa na kurudi mara mbili na bado ikabaki na chenji ya kutosha kununulia madaftari ya shule.

Uarabuni hesabu ni afadhali kidogo kwa mwenye ndugu wa kumlaza. Likizo yetu ya Agosti huangukia msimu wa joto kali kule, joto hupita nyuzi 40, na watalii hupungua, hivyo vyumba na tikiti huwa na punguzo. Na bustani kubwa kama Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, na IMG Worlds of Adventure ya Dubai, ya mwaka 2016, ziko ndani ya majengo yenye viyoyozi, joto la nje haliwahusu walio ndani. Hata hivyo mtoto akishatimiza miaka miwili hukata kiti chake kwenye ndege, na viti vitano vya ndege ni viti vitano. Ushauri wangu kwa wenye fedha za kubana ni kwamba safari ya ng'ambo iachwe ingoje harusi au jambo jingine litakalowapeleka huko kwa sababu yake, na bustani iwe nyongeza ya siku moja. Kumtoa mtoto Malindi hadi Ulaya kwa ajili ya mtelezo peke yake ni anasa ya watu wengine.

Niongeze hapo kwamba wenye bustani kubwa duniani wamekuwa wakibuni njia za kumtoza mtu mara ya pili akiwa ndani, na inafaa tuzitambue kabla hazijatufikia. Disney ilianza mwaka 1999 kuwapa wageni karatasi za kuruka foleni bila malipo. Mwaka 2021 huduma hiyo ikaondolewa na mahali pake pakaja ya kulipia. Tangu 2018 tikiti za Florida hupangwa bei kwa tarehe, siku ya watu wengi ikawa ghali kuliko siku tulivu. Hili la tarehe kwetu lipo tayari kwa sura nyingine: bustani nyingi zina bei ya katikati ya wiki na bei ya Jumamosi na Jumapili, na sikukuu zina bei yake. Kwa maskini hiyo ni habari njema, mradi ajue tarehe.

Nami kuhusu tarehe nina msimamo ambao nimeutetea mbele ya ukoo mzima. Watu wetu husafiri Desemba kati ya Krismasi na mwaka mpya, au siku ya pili ya Idd, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu yuko likizoni. Na hapo ndipo nauli hupanda bila kuuliza, wageni wa bara hujaza Pwani nzima, na mtoto husimama kwenye foleni muda mrefu kuliko anaoogelea. Siku ile ile uliyolipa bei ya juu kabisa ndiyo unayopata michezo michache kabisa. Muhula wa tatu wa shule huisha mwishoni mwa Oktoba, kama ulivyoisha mwaka 2025, na kuanzia hapo hadi katikati ya Desemba kuna majuma mengi ambayo watoto wako nyumbani, nauli ni ya kawaida, na bustani zina watu wachache. Ni msimu wa vuli, kweli, na mvua yaweza kunyesha. Lakini mvua ya vuli mara nyingi hupita, na anayekwenda kuloana hana hasara kubwa ya kuloana, isipokuwa radi zikianza, maana hapo kila mtu hutolewa majini. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza pia kama tikiti ya siku iliyokatizwa na radi hutumika siku nyingine. Jumanne au Jumatano ya Novemba, kwa maoni yangu, haina mshindani.

Tarehe hiyo inaafiki pia namna fedha zinavyoingia Malindi. Wanaofanya kazi mahotelini na ufukweni hupata zaidi Julai na Agosti wageni wa Italia wanapokuja, halafu tena kuanzia Desemba. Aprili hadi Juni, wakati wa masika, hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu. Anayeweka akiba kidogo kidogo kuanzia Agosti anaweza kuwa na fedha kamili kufikia Novemba, kabla ada ya Januari haijaanza kuzipigia hodi. Chama chetu hakikati tikiti yoyote mpaka fungu la kila nyumba litimize jumla ya siku nzima na fungu la kumi juu yake, na fedha hukaa kwenye akaunti ya kufungwa, kwa sababu fedha iliyo kwenye simu wazi ina jamaa wengi. Nyumba isiyotimiza haichekwi; hubaki, na fungu lake hungoja zamu inayofuata.

Njia yetu kwenda Mombasa ni kama kilomita 120, na kwenye ramani huonekana fupi. Aliyewahi kukaa Mtwapa ndani ya matatu iliyosimama, madirisha yamefunguliwa na mtoto anauliza tumefika wapi, anajua kwamba kilomita hazihesabiki kwa ramani. Tukitoka baada ya Sala ya Alfajiri hufika bustani inapofunguliwa. Tukitoka saa mbili asubuhi, muda wa mwanzo wa tikiti, kama saa mbili nzima, umeliwa na barabara. Familia tatu zikiungana, inafaa kuulizia bei ya kukodi matatu nzima ya abiria 14 na kuilinganisha na nauli za viti, huku mkikumbuka kwamba dereva atakula, na kwamba saa za kungoja zina bei. Wenzetu wa Lamu, ambao huanza kwa boti hadi Mokowe kabla hawajaliona basi, hawana la kufanya ila kulala Mombasa.

Kulala kwa jamaa ndiko kunakookoa fedha nyingi zaidi, ila tusijidanganye kwamba ni bure. Mtu hafiki kwa shangazi yake na watoto watatu akiwa mikono mitupu: kuna unga, sukari, samaki wa kutoka nyumbani, na kuna watoto wa shangazi ambao hutawaacha mlangoni wakiwatazama wenzao wanakwenda kuogelea. Viingilio viwili vya ziada viandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Hata hivyo bado ni nafuu kuliko chumba cha wageni, na kwa walioamua kufika Nairobi, ambako kuna bustani ya michezo na gurudumu kubwa kwenye jumba la biashara la Two Rivers, mwenyeji ni sharti. Treni ya Mombasa hadi Nairobi tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa daraja la kawaida, watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu yake. Nyumba yetu ya mfano italipa 5,250 kwenda na kiasi hicho kurudi, na hapo bado hawajaitafuta stesheni ya Miritini kutoka Malindi. Kwa familia ya kubana, Nairobi ni safari ya kwenda kuwaona jamaa, na gurudumu lipandwe mkiwa huko.

Sasa nifike kwenye chakula, ambacho ndicho hasa kilichonifanya nichukue kalamu. Katika mfano wangu chakula na vinywaji ni shilingi 3,750, zaidi ya robo ya fedha zote. Mama wa Malindi anayeamka usiku akakaanga mahamri, akapika mbaazi za nazi, akatia viazi karai na kachiri za muhogo kwenye vyombo, angewalisha watano siku nzima kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, na wangekula vizuri zaidi. Kwenye lango la bustani moja, ambayo sitaitaja, nimeona mikoba ikifunguliwa na vyombo vya mahamri vikiwekwa kando juu ya meza juani hadi jioni, kana kwamba ni vitu vya magendo. Sababu inayotolewa ni usafi na usalama. Siikubali. Bustani za Disney za Florida na California, ambazo hakuna anayeweza kuzishtaki kwa kutopenda fedha, humruhusu mgeni aingie na chakula chake, mradi asiwe na pombe wala vyombo vya kioo, na migahawa yao ya huduma ya haraka humpa maji ya kunywa bure anayeomba. Ikiwa wao wanaweza kulinda usafi wa maelfu ya watu kwa siku huku watu wakila mikate ya nyumbani, bustani zetu haziwezi kusema kwamba mahamri yatachafua bwawa.

Najua jiko ni pato la bustani, na kwamba klorini, pampu, umeme na mishahara ya waokoaji havilipwi kwa viingilio vya siku za Jumanne. Sitaki wafunge majiko. Naomba jambo dogo: wakiwa hawataki chakula ndani, watenge kivuli na mabenchi nje ya lango, na wampige mtu muhuri mkononi atoke ale, arudi. Nyumba itakayokula nje saa saba itanunua aiskrimu ndani saa kumi, na itarudi mwakani. Iliyoishiwa fedha mchana haitarudi, na itawasimulia majirani.

Kuna watakaonijibu kwamba Malindi ina vitu vya kutosha vya kuwaonyesha watoto kwa bei ndogo, na kwamba magofu ya mji wa kale wa Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yako jirani. Nawapeleka Gede, na kwenye korongo la Marafa pia. Lakini mtoto ameomba kuteleza, na kumjibu kwa kuta za kale ni kumwambia kwamba hukumsikia. Kinachoweza kulinganishwa na ombi lake ni mabembea ya Idd kwenye uwanja wa Makadara, Mombasa, au ya maonyesho ya kilimo pale Mkomani, huko huko Mombasa, ambako hulipiwa mchezo mmoja mmoja, na mtoto akipewa noti yake mkononi hujifunza mwenyewe kuchagua. Na kwa wanaopita Bamburi, Haller Park iko kando ya barabara yetu hii hii ya Malindi, matatu hushusha langoni, tuktuk haihitajiki. Ni machimbo ya saruji ambayo René Haller alianza kuyapanda mivinje mwaka 1971, na ndipo alipopelekwa kiboko Owen aliyeokolewa baharini hapa Malindi siku moja baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamfanya kobe Mzee kuwa mama yake. Watoto wa Malindi wana haki ya kujua kwamba yule alikuwa wa kwao. Ukienda, beba kitambulisho, kwa kuwa penye bei ya mwananchi na bei ya mgeni, kitambulisho ndicho tikiti ya punguzo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mtakapochapisha tena habari za bustani hizi kabla ya likizo ijayo, mwandishi wenu apige simu na kuuliza yale ambayo mama wa Shela angeuliza: asiyeogelea hulipa nini, kimo ni kiasi gani, vazi gani hukataliwa, kabati na boya ni shilingi ngapi, sahani ya bei ya chini kabisa ni ipi, mtu akitoka anaweza kurudi au la, na Jumanne ni bei gani. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili chini ya picha, pamoja na jumla ya watu watano kutoka Malindi, kutoka Lamu na kutoka Voi, badala ya kiingilio cha mtu anayeishi mkabala na bustani. Bustani itakayokataa kujibu, iandikwe kwamba imekataa. Kwa upande wetu, fomu tunayotumia chamani kukusanyia bei hizo ni ukurasa mmoja tu, na nimeiambatanisha na barua hii mwandishi wenu aitumie apendavyo.

Wako mwaminifu,
Mhazini wa chama cha ukoo,
Shela, Malindi.